Familia mbili katika ploti ya futi 25 kwa 100: gaweni urefu, msiguse upana

Swali: Assalaam alaikum. Mimi ni mwalimu hapa Malindi, mtaa wa Barani. Marehemu baba ametuachia nusu ya ploti ya hamsini kwa mia, yaani futi 25 kwa 100. Upande mfupi ndio ulio barabarani, nao unaelekea mashariki. Jirani wa kaskazini amejenga nyumba ya chini na ukuta wake umesimama mpakani. Wa kusini bado hajajenga. Mama, ambaye ni mtu mzima na magoti yanamsumbua, anakaa na dada yangu katika nyumba ya udongo na makuti iliyo mbele ya ploti, na pembeni yake pikapu inapita. Mimi, mke wangu na watoto watatu tumepanga kwingine. Tunataka nyumba mbili, kila moja na mlango wake, tujenge kadiri fedha zinavyopatikana. Mtaani hakuna mabomba ya majitaka. Fundi ametuchorea nyumba mbili ndefu zinazokwenda bega kwa bega kutoka barabarani hadi nyuma, ukuta mmoja katikati. Je, tumpe kazi aanze?

Jibu: Waalaikumu salaam, mwalimu. Msimpe kazi bado. Fundi wenu huenda ni hodari wa kujenga, lakini ramani yake imegawa kile ambacho hamna cha kugawa, nacho ni upana. Futi 25 ni mita 7.6. Ukiondoa unene wa kuta tatu ndefu, mbili za mpakani na moja ya katikati, kila moja sentimita 20, zinabaki mita 7, na kila nyumba inapata mita 3.5. Ndani ya mita hizo tatu na nusu lazima pia upite ujia wa kufikia vyumba vya nyuma. Ujia wa mita 1 pamoja na ukuta wake ukishatolewa, chumba kinabaki na upana wa mita 2.35. Tia humo kitanda cha tano kwa sita, kisha jaribu kufungua kabati.

Ufinyu huo mngeweza kuuvumilia, kwa kuwa watu wengi wanaishi katika vyumba vya namna hiyo. Hewa na mwanga ndivyo msivyoweza kuvikosa. Kuta za mpakani hazitobolewi madirisha, kwa sababu jirani ana haki ya kujenga mpaka hapo, na ukuta wa katikati hautobolewi kwa sababu upande wa pili ni nyumba ya watu. Kila nyumba basi itapumua kwa ncha mbili tu, ya barabarani na ya nyuma, na katikati yake kutakuwa na zaidi ya mita 20 za vyumba vinavyofuatana. Mwanga wa dirisha la kawaida, ambalo linta yake, yaani boriti iliyo juu yake, iko mita 2.1 kutoka sakafuni, unafaa kwa kusomea hadi mita 5 hivi ndani ya chumba, na zaidi ya hapo ni giza. Vyumba vya katikati vitawashwa taa saa sita mchana, na mwezi wa Februari na Machi, joto la Malindi linapofikia ukali wake, hamtalala humo bila feni.

Njia zilizobaki ni mbili: mmoja akae chini na mwingine juu, au mmoja mbele na mwingine nyuma. Juu na chini ni mpango mzuri pale ploti inapokuwa fupi, na kama yenu ingekuwa futi 25 kwa 50 ningewashauri huo bila kusita. Kwenu una kasoro mbili. Mama ataishi chini ya miguu ya watoto watatu na chini ya mabomba ya bafu lenu, na bomba likivuja ni dari yake itakayolowa. Kisha hakuna atakayehamia kabla ya slabu nzima, yaani sakafu ya zege ya juu, kumwagwa, na slabu ni miongoni mwa gharama kubwa katika nyumba ya ghorofa. Mtu anayejenga kadiri fedha zinavyopatikana hapaswi kuanza kwa kununua kitu ghali namna hiyo.

Ninawashauri mgawe urefu: nyumba ya mama mbele, ya chini, yenu nyuma, ya ghorofa moja, na katikati ua ulio wazi. Mpango huu si mgeni pwani. Katika mji wa kale wa Lamu, ambao uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, nyumba za mawe zimebanana pande zote na nyingi hazina dirisha la maana njiani, lakini ndani zina mwanga wa kutosha, kwa kuwa kila nyumba imejengwa kuzunguka kiwanda chake, yaani ua wake wa ndani. Mwanga unashuka kiwandani, unaingia msana wa tini, ukumbi wa kwanza, unapita msana wa yuu, ukumbi wa pili, na unafika ndani ukiwa umepoa. Vyumba vyenyewe ni vyembamba, vingi havizidi mita 3, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki nafasi kubwa kuliko hiyo. Na familia kukaa zaidi ya moja mahali pamoja ilikuwa desturi: binti alipoolewa, wazazi wengi walimwongezea ghorofa juu ya nyumba yao, au wakavusha chumba juu ya njia, wikio, kuunganisha nyumba mbili. Wazee hao walijenga kwa watu walewale mnaowajengea ninyi, mama, binti na wajukuu, katika ardhi finyu vilevile. Kitu kimoja chao msikiige, nacho ni unene wa kuta. Kuta mbili za nusu mita zingekula mita 1 katika mita zenu 7.6.

Sasa tupime. Futi 100 ni mita 30.5. Acheni mita 4 wazi mbele, kati ya barabara na nyumba. Nyumba ya mama ichukue mita 10. Ua uwe mita 5. Nyumba yenu ichukue mita 9.5, na nyuma yenu zibaki mita 2 za kufulia na kuanikia. Katika upana, nyumba zote mbili ziegemee mpaka wa kaskazini, ambako jirani amekwisha kuziba, na upande wa kusini acheni uchochoro wa mita 1.3 kutoka barabarani hadi nyuma kabisa. Nyumba basi zina upana wa mita 6.3 nje, na mita 5.9 ndani ya kuta.

Najua mtu ataona mita 1.3 kwa urefu wote huo ni ardhi iliyotupwa, na fundi atakushawishi uipunguze iwe mita 1. Usikubali. Uchochoro huo ndio mlango wenu wa pili, ndio mapafu ya vyumba vya kusini, ndimo litakamopita bomba la majitaka, na siku mgonjwa au maiti anapotolewa nyumba ya nyuma, ndimo machela na jeneza vitakamopita, watu wakiwa wamebeba pande zote mbili. Nimeona nyumba nzuri ambayo jeneza lililazimika kupitishwa juu ya ukuta wa jirani, na sitaki liwapate hilo.

Upande wa kusini una faida nyingine. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki tangu Aprili hadi Septemba, miezi mingi kuliko Kaskazi, na ataingia kwa madirisha yanayotazama uchochoro hata baada ya jirani wa kusini kujenga, kwa sababu nafasi ya mita 1.3 ni yenu na hakuna wa kuiziba. Kaskazi, anayetoka kaskazini-mashariki tangu Desemba hadi Machi, hana njia ya kupita ukuta wa jirani, lakini atapita juu ya paa la mama. Ndiyo sababu nataka nyumba ya mbele iwe fupi na ya nyuma iwe ndefu. Upepo wa baharini ukishavuka paa la chini, unagonga uso wa ghorofa yenu, na sehemu yake inasukumwa chini, inaingia uani. Mkigeuza mpango, ghorofa ikawa mbele, ua utakuwa nyuma ya ukuta mrefu na hewa yake itatulia kama maji ya kisimani.

Nyumba ya mama iwe na safu tatu. Ya kwanza, inayotazama barabara, ni sebule ya mita 3.5 kwa 5.9, madirisha yake yakifungukia baraza. Ya pili, ya mita 3, ina chumba cha mama upande wa kusini, upana mita 3. Kisha ujia wa mita 1. Kisha bafu na choo upande wa kaskazini, upana mita 1.6. Ya tatu, ya mita 2.8, ina chumba cha dada yako kusini na jiko kaskazini, na vyote viwili vinafungua dirisha uani. Kuta mbili za ndani za sentimita 15 ukizijumlisha, safu zote tatu zinatimia mita 9.6, ambazo ndizo mita 10 zenu bila kuta za mwanzo na mwisho. Utaona kwamba upande wa kaskazini, usio na dirisha, nimeweka vitu visivyokaliwa. Bafu litapata mwanga na hewa kutoka juu, kwa kuinua kipande cha paa na kutia vipande vya kioo vya kufunguka. Kwa chumba cha kulala nisingekubali jambo hilo, lakini kwa bafu linatosha.

Choo cha mama nakuomba ukitazame kwa makini kuliko sebule. Mlango uwe na upana wa sentimita 90 na ufunguke kwa nje, ili mtu akianguka ndani aweze kufikiwa. Pasiwe na kizingiti. Maji yazuiwe kwa mteremko wa sakafu. Ukuta wa kushikilia vyuma vya mkono ujengwe imara tangu sasa, hata kama vyuma vyenyewe vitafungwa baadaye. Kibla kwa mtu wa Malindi ni kaskazini kabisa au karibu na hivyo, kwa maana Makka iko takriban kwenye mstari mmoja wa longitudo na sisi. Kwa hiyo anayekalia choo aelekee mashariki au magharibi, na kwa bahati bafu hili lina urefu wake katika mwelekeo huohuo. Ukuta mtupu wa kaskazini katika sebule utawafaa pia kwa sala, kwani hauna dirisha la kumtoa mtu katika utulivu wake.

Sakafu ya nyumba iwe sentimita 30 juu ya ardhi, kwa ajili ya mvua ya Mei. Lakini ngazi mbili za baraza ni mtihani kwa mwenye magoti mabovu, hivyo jengeni mteremko pia. Mteremko mtu anaoweza kuupanda bila kusaidiwa unahitaji sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda, yaani mita 3.6 kwa sentimita zenu 30. Unaenea vizuri sambamba na baraza, ambayo ina mita 6.3. Na kwa kuwa mbele ni mashariki, baraza itapigwa na jua la asubuhi tu. Kuanzia adhuhuri ni kivuli, na jioni mama anaweza kukaa na majirani wake kama alivyozoea. Hii nayo ni sababu ya kumweka mbele. Wako wanaowaweka wazee nyuma kwa kudhani wanawapumzisha, kumbe wanawatenga na salamu za njiani.

Nyumba yenu ya nyuma ina mita 9.1 kwa 5.9 ndani. Chini, sebule na mahali pa kulia vitazame ua. Ngazi ziwe upande wa kaskazini, ndani ya nyumba, katika nafasi ya mita 2 kwa 3.2, zikigeuka mara moja. Choo kidogo kiwe jirani yake. Na jiko liwe nyuma kabisa, likifungukia uwanja wa kufulia. Pepo zenu kubwa zote zina asili ya mashariki, kwa hiyo moshi na harufu ya kupika vitatoka nyuma badala ya kurudi sebuleni. Juu muwe na vyumba vitatu: cha wazazi kinachotazama ua, na viwili vya watoto upande wa kusini. Kabati za ukutani na bafu viwe magharibi, vikae kati yenu na jua la jioni. Ukuta wa kaskazini msiutoboe hata huko juu, ingawa leo unaona paa la jirani liko chini yako. Naye ataongeza ghorofa siku moja.

Madirisha ya juu ya kusini yanaleta suala la sitara. Yatatazama uwanja wa jirani ambaye bado hajajenga, na akijenga atakuwa na haki ya kulalamika. Inueni kingo za madirisha hayo hadi mita 1.5, au mweke jali ya matofali ya matundu mbele yake, hewa ipite na jicho lisipite. Madirisha ya mama yanayotazama uchochoro yapimwe kwa upande wa uchochoro: mgeni wenu anayepita kwenda nyuma asiweze kuona ndani, hivyo ukingo uwe mita 1.7 juu ya ardhi ya uchochoro. Kwa kuwa sakafu ya ndani iko juu sentimita 30, kwa mama utakuwa mita 1.4 tu, na juu ya linta ongezeni safu ya matundu chini ya dari ili hewa ya joto ipate pa kutokea.

Kuhusu ua wenyewe, watu wengi huniuliza kama ugawanywe. Kwa familia yenu nisingeugawa. Mama ataona wajukuu, na mkeo na dada yako watapika mahali pamoja siku za shughuli. Lakini milango miwili isikabiliane. Mlango wa jiko la mama uwe kaskazini, na wa nyumba yenu uwe kusini, uchochoro unapofika uani, ukiwa na kikuta kifupi cha kumgeuza mgeni kabla hajaona ndani, kazi ileile inayofanywa na daka, ukumbi wa kuingilia, katika nyumba za Lamu. Kuna mtihani mmoja ninaoufanya kwa kila ramani ya nyumba mbili: je, siku moja ukuta wa mita 2 ukijengwa katikati ya ua, kwa sababu ya ugomvi, mauzo au mpangaji, kila upande utabaki na mwanga, hewa, maji na njia yake ya barabarani? Hapa jibu ni ndiyo. Kila upande utabaki na mita 2.5 za ua, uchochoro haujaguswa, na hakuna anayepita ndani kwa mwenzake. Ramani ya nyumba mbili isiyopita mtihani huo ni nyumba moja yenye milango miwili.

Jua tusilisahau. Malindi iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, na jua la mchana linapita karibu na utosi mwaka mzima, hivyo paa ndilo linalobeba joto kubwa, wala kuta ndefu za kaskazini na kusini hazina taabu. Ukingo wa paa uliotokeza sentimita 60 unakinga zaidi ya mita 1.5 ya ukuta wa kusini saa sita mchana mwezi wa Desemba, jua linapokuwa upande huo. Ukuta wa magharibi ndio mkaidi. Wa kwenu nimeukinga kwa bafu na kabati. Wa mama, unaotazama ua, utakingwa na nyumba yenu, kwani kuanzia saa tisa na nusu alasiri kivuli cha ghorofa kitakuwa kimevuka ua. Paa la mama liwe la mabati yenye mteremko mmoja kutoka kaskazini kwenda kusini, ili tone lisianguke kwa jirani, na chini yake muwe na dari na nafasi ya hewa. Makuti ni baridi kuliko kitu chochote, lakini mpakani, ukuta kwa ukuta na nyumba ya watu, cheche moja ya jiko itateketeza familia tatu.

Paa hilo la mita 63 za mraba ni chanzo cha maji pia. Mvua ya milimita 50 ikinyesha usiku mmoja, hutoa zaidi ya lita 3,000, na hata ukipoteza sehemu yake bado ni maji ya siku kadhaa. Jengeni tangi la chini ya ardhi uani, mbali na njia ya majitaka, na kila nyumba iwe na tangi lake dogo la juu na mita yake ya maji na ya umeme. Msichangie mita. Ndugu waliopatana mirathi nimewaona wakinuniana kwa tokeni. Tangi la lita 1,000 lina uzito wa tani 1 likijaa, kwa hiyo likae juu ya kuta za ngazi, si katikati ya slabu.

Kisima msichimbe. Umbali unaoshauriwa kati ya kisima na shimo la kunyonya majitaka ni mita 30, na ploti yenu nzima ina mita 30.5, tena ardhi yetu ya matumbawe ina vinyweleo, uchafu husafiri ndani yake upesi. Tangi la majitaka, la zege na vyumba viwili, liwe mbele kabisa karibu na barabara, gari la kunyonya lilifikie bila kuingiza mpira wake uani. Kwa watu saba, tangi la ndani lenye urefu wa mita 2.5, upana mita 1 na kina cha maji mita 1.2 linatosha, yaani mita 3 za ujazo. Bomba la inchi 4 litatoka jikoni kwenu hadi huko, mita 24 hivi, likishuka sentimita 1 kwa kila sentimita 40. Mwisho wake utakuwa sentimita 60 chini ya mwanzo, na kila linapopinda pawe na chemba ya kuzibulia. Shimo la kunyonya mhandisi alipime baada ya kujaribu unywaji wa ardhi, na aangalie pia visima vya majirani.

Katika vifaa nitasema machache. Chumvi ya bahari hula nondo, kwa hiyo zege linalozifunika lisipungue sentimita 4 katika nguzo na boriti za nje, na zege lenyewe lisichanganywe kwa mchanga wa pwani wala maji ya kisima chenye chumvi. Mabati yawe geji 28, si 30. Nguzo na msingi wa nyumba ya mama vipimwe kana kwamba ghorofa itaongezwa, maana dada yako naye ana maisha mbele yake. Gharama ya ziada leo ni ndogo, na kona ya ua ya kaskazini iachwe bila kitu cha kudumu ili ngazi zake zipate pa kusimama. Msingi unaopakana na ukuta wa jirani usichimbwe kwa mtaro mmoja mrefu. Uchimbwe kwa vipande vifupi, kipande kimwagwe zege kabla cha pili hakijafunguliwa, la sivyo nyumba yake itapasuka na kesi itakuwa yenu.

Jambo ambalo fundi hakuwaambia ni mpangilio wa kujenga. Anzeni nyuma. Leo pikapu inapita pembeni mwa nyumba ya mama na kumwaga kokoto palepale. Nyumba ya mbele ikishasimama, kila mfuko wa saruji wa nyumba ya nyuma utapitia uchochoro wa mita 1.3 kwa wilbaro, na mtailipia kila safari. Kwa hiyo mama abaki katika nyumba yake ya udongo, ninyi mjenge sakafu ya chini ya nyumba ya nyuma pamoja na tangi la majitaka na bomba. Ikiisha, mama na dada wahamie humo nanyi, mbanane kwa muda, nyumba ya zamani ibomolewe, na ya mama ijengwe mbele. Ghorofa yenu iwe ya mwisho, lakini slabu yake imwagwe kabla lori halijazibiwa njia. Kwa utaratibu huu mama hatapangishiwa chumba hata mwezi mmoja, na atayaona matofali ya nyumba yake yakipandishwa.

Kuhusu karatasi, anza na mirathi. Mama na dada yako wana sehemu zao katika ardhi hiyo, na kama ninyi ni Waislamu, mahakama ya Kadhi ndiyo itakayozithibitisha. Fanyeni hivyo kabla ya msingi, kwa sababu nyumba ikishajengwa juu ya ardhi isiyogawanywa, kila tofali lina wadai watatu. Wala hamhitaji kuikata ploti tena ili kila mmoja awe na hati. Sheria ya Kenya ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2020 inaruhusu nyumba mbili zilizo kwenye ardhi moja kupata hati mbili, uchochoro na tangi la majitaka vikiwa vya pamoja, na hilo ndilo ninalowatakia. Kisha mtafute msanifu majengo aliyesajiliwa achore haya niliyoyaeleza kwa vipimo vya kazi, na mhandisi apige hesabu za nguzo. Michoro ipelekwe ofisi ya mipango ya Kaunti ya Kilifi, na mradi usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Kaunti inaweza kutaka nafasi ya mbele au ya pembeni iwe kubwa kuliko niliyotaja. Ikiwa ni ya mbele, mtoe katika ua kwanza, mradi usipungue mita 4.

Kabla ya yote hayo, mwite mpimaji ardhi awaonyeshe bikoni nne, yaani alama za pembe za ploti, na mpime upana mahali patatu: mbele, katikati na nyuma. Kuta za mpakani katika mitaa yetu ya zamani hazikujengwa zote kwa kamba, na hesabu yangu yote imesimama juu ya mita 7.6. Ikiwa ukuta wa jirani wa kaskazini umeingia kwenu sentimita 20, zungumzeni naye mapema na kwa upole, muandikiane, na sentimita hizo mzitoe katika jiko la mama na sebule yenu. Bafu la mama na uchochoro vibaki na vipimo vyake.